Betri Mbili za Shangazi Uberlinda

Llahuén, Chiloé
6 Oktoba 2013

Mwanangu Danixa,

Nakusalimu na mikono yangu imejaa unga wa viazi, kwa hiyo karatasi ikiwa na madoa usinilaumu. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika mvua ikitoka kusini, na huku mvua hutoka kila upande, basi unajua. Nguruwe amezaa tisa. Shangazi yako Elba anakusalimu kutoka Castro, anasema umekonda, ingawa hajakuona miaka saba.

Sasa habari yenyewe. Bahari imekula tena. Ulipoondoka, kati ya mlango wa jikoni na ukingo palikuwa na bustani nzima ya vitunguu saumu. Leo nikirusha maganda ya viazi kutoka dirishani yanaangukia ufukweni. Majira ya baridi yajayo hayataiacha nyumba ya babu yako. Kwa hiyo tunaihamisha. Nimezunguka kisiwa kizima kuomba minga, ile kazi ya kusaidiana bila malipo, mlango kwa mlango, kwa adabu zake zote, nimekunywa kahawa mpaka moyo unadunda, na hakuna aliyeninyima. Februari jozi nane za maksai zitaivuta nyumba kama ilivyo, paa na vyote, kutoka ukingoni hadi kiwanja cha juu karibu na kanisa. Mzee Eliecer Mansilla ndiye atakayeongoza. Kazi yangu ni kuikaza kabla ya siku hiyo, mbao za mshazari kila chumba na kila kona, isije ikafumuka njiani kama kikapu kibovu.

Na hapo ndipo kifurushi chako kilipofika na lancha, ile boti ya barua. Nilidhani ni viatu. Kumbe drili, betri zake mbili na chaja. Mzee Eliecer alikuwa amekaa jikoni, akaigeuza geuza, akasema, "We Uberlinda, mtoto wa kaka yako amekuletea bastola ya maji?" Nikamwambia, "Hebu simama pale mlangoni tuone kama ni ya maji." Nikaibonyeza. Paka akaruka juu ya kabati, na tangu siku hiyo akiniona na kitu chochote mkononi anatoka nje. Mwanangu, nimecheka peke yangu kama kichaa. Ina mikwaruzo kidogo, najua ni ya mkono wa pili, lakini kwangu ni mpya kabisa.

Nifundishe. Andika kila kitu, maana simu hapa inashika kule juu makaburini tu, na mimi siwezi kupiga kelele mbele ya marehemu. Na uniambie, Februari unakuja? Nyumba hii ni yako baada yangu. Isingekuwa wewe ningeiachia bahari, mimi nikahamia kwa Elba.

Shangazi yako,
Uberlinda

Punta Arenas
27 Oktoba 2013

Shikamoo Shangazi,

Sisi huku wazima, ila upepo. Jana uling'oa bati la jirani ukalitua uani kwetu. Tukamrudishia, akatukaribisha chai. Oriana ninayeishi naye anakuamkia na anaulizia jibini lako. Tuma mbili, moja nitaificha.

Nyumba inahama! Niliisoma barua yako nimesimama, chai ikapoa. Natamani nione sura ya paka.

Sasa nisikilize na usicheke. Kabla ya kubadilisha biti, toa betri kwanza. Kila mara, hata Mzee Eliecer akikuharakisha. Vaa miwani ile ya plastiki niliyoiweka kwenye sanduku, si ya kusomea. Vua shali, funga nywele nyuma, na glavu zako za sufu ziache kwenye msumari wake. Uzi mmoja ukinaswa na biti, vidole vinafuata. Ubao usiuweke gotini, ufunge kwenye jiliwa ya babu. Toboa kwanza kwa biti nyembamba ndipo uingize skrubu, vinginevyo mbao kavu za alerce zitapasuka. Ile pete yenye namba shingoni ndiyo inayoamua nguvu: ya chini huachia mapema skrubu ikigoma, ya juu hukaza mpaka mwisho. Anza chini, panda taratibu. Na kabla hujatoboa ukutani, kumbuka waya wa taa unapita wapi.

Kwenye boriti ngumu, shika kwa mikono miwili. Kuna mshikio wa pembeni, ufunge. Biti ikikwama, achia kitufe mara moja, maana mashine ndiyo itakayozunguka, na kilichoishika kitazunguka nayo. Kifundo cha mkono hakina mzaha. Simama chini kwa miguu yote miwili, usipande ngazi ukajinyoosha na kuishika kwa mkono mmoja, kifundo hakitastahimili. Mikono miwili, Shangazi. Fikiria kifundo chako.

Betri nayo ina tabia zake. Usiikamue mpaka ikate kabisa. Ukiona nguvu inalegea, weka ya pili. Ikitoka kazini na joto, iache ipoe ndipo uichaji. Jenereta ikiwashwa jioni, ichaji juu ya meza tupu, si kitandani, si juu ya magunia ya sufu, na ikijaa itoe. Usiitie kwenye mfuko wa aproni yako, naujua mfuko ule, umejaa misumari na funguo. Chuma kikiunganisha midomo ya betri, utawaka moto ukiwa umeuvaa. Na betri ambayo haina kazi kwa muda haiwekwi imejaa wala tupu. Iache nusu, mahali pakavu, na uijaze kazi ikikaribia.

Kuhusu Februari, hali ya hewa ya huko Februari huwa nzuri.

Mwanao,
Danixa

Llahuén
24 Novemba 2013

Danixa mwanangu,

Nimefurahi kuambiwa kwamba hali ya hewa ya huku Februari huwa nzuri. Nimeishi hapa miaka sitini na nne sikuwa na habari hiyo. Nilikuuliza kama unakuja.

Jibini mbili zimo. Wale tisa wamebaki wanane, mmoja alilaliwa na mama yake. Padri alikuja kubatiza, lancha ikamtikisa, akabatiza watoto watatu akiwa amekaa kitini. Wengine wote wazima na wanakuulizia.

Danixa, drili hii! Chumba cha kulala kimekwisha, sebule imekwisha. Skrubu inazama mpaka kichwani, nami nasimama kuitazama kama niliizaa. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake wanajipanga jikoni kwangu, kila mmoja anaomba atoboe tundu moja tu, na wote nawavalisha miwani kwanza, hata mama mkwe wa Eliecer mwenye miaka themanini na tisa. Ubao wa mazoezi umekuwa chujio. Yule bibi alipomaliza tundu lake alikaa chini, akasema, "Kumbe nilizaliwa mapema mno." Tukacheka mpaka tukalia.

Eliecer ndiye peke yake asiyetaka. "Nyumba hii imejengwa kwa misumari," anasema, "na kwa misumari itatembea. Kona ya jikoni niachie mimi na nyundo yangu." Nimemwachia. Mtu anayekuletea maksai wake wawili bora huwezi kumnyima kona.

Maandishi yako siku hizi yamelala kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ulikuwa unaandikia ndani ya gari?

Halafu kuna jirani yangu mmoja, jina simtaji, naye ana betri. Alifanya kazi barazani, mvua ikaingia kwa pembeni, betri ikalowa. Basi kama mtu yeyote wa huku akaiweka juu ya jiko la kuni, kwenye ule wavu wa kukaushia soksi, akaenda kukama. Je, betri ikivimba tumbo na kutoa harufu ya peremende iliyoungua, ndiyo imekauka? Ni yeye anayeuliza.

Uberlinda

Punta Arenas
9 Desemba 2013

Shangazi, shikamoo, salamu nyingine zitafuata.

Mwambie huyo jirani betri hiyo imekufa na ni ya hatari. Asiichaji, asiitoboe, asiitupe motoni wala baharini. Aishike kwa koleo, aitie kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, aiweke nje mbali na nyumba chini ya kibanda cha kuni kisicho na kuni, na lancha ikienda Castro ipelekwe wanakopokea betri mbovu. Jiko lile limeponya soksi, viatu, kiberiti na wanakondoo waliozaliwa kwenye theluji, najua, mimi mwenyewe nimelelewa pembeni yake. Betri haliponyi. Joto huiua kuliko kitu chochote. Ikilowa, hutolewa kwenye mashine, ikafutwa kwa kitambaa, ikakaa mezani siku nzima na zaidi bila kuchajiwa, na ukiiona hata kidogo haiko sawa, hairudi tena kazini.

Llahuén nzima ina betri mbili tu za aina hiyo, na zote mbili nilizituma mimi. Basi mpe pole huyo jirani. Mwambie simkasirikii. Mwambie kwamba nyumba ya mbao kavu ya miaka themanini ikishika moto haimsubiri mtu arudi kutoka kukama, na mimi duniani sina shangazi mwingine wa kunisuta kwa adabu kama wewe.

Sina pesa ya kununua nyingine sasa. Iliyobaki ailinde kwa kila hali.

Maandishi ni haraka tu. Oriana aliipata jibini niliyoificha.

Danixa

Llahuén
5 Januari 2014

Danixa,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako imechelewa kwa sababu injini ya lancha iliharibika, na wiki mbili zote hizo jirani alikuwa analala na betri ile chini ya kitanda. Usimwambie mtu. Sasa iko kwenye ndoo ya mchanga, inasubiri safari ya Castro. Jirani anakushukuru, na amelia kidogo.

Iliyobaki naivaa. Nimeishonea kifuko cha pamba, naifunika midomo yake kwa kile kifuniko chake cha plastiki, na inakaa kifuani mwangu, maana hapo ndipo mahali pekee pakavu palipobaki kisiwani. Eliecer aliniona naitoa kanisani kwa bahati mbaya nikitafuta leso, akaniuliza, "Na hicho nacho ni mtakatifu gani?" Nikamwambia ni wa minga.

Sasa tuyaache ya jirani. Nimezisoma barua zako tena, moja baada ya nyingine. Mtu mwenye kifundo kizima hataji kifundo mara tatu katika ukurasa mmoja. Wewe ni wa mkono wa kulia tangu ulipokuwa unanipiga kwa kijiko cha uji, na maandishi haya ni ya kushoto. Nimeitazama na drili. Mikwaruzo yote iko upande mmoja, na mshikio wa pembeni unang'aa kama uliotoka dukani, haujawahi kufungwa hata siku moja. Umeumia nini, na lini? Nijibu hilo kwanza. La Februari nitakuuliza baadaye.

Shangazi yako anayeona

Punta Arenas
30 Januari 2014

Shikamoo Shangazi Uberlinda,

Mnaendeleaje na nyumba? Nguruwe je? Huku kumetulia, hata upepo umelala, jambo ambalo linatutia wasiwasi sisi wote.

Ilikuwa Septemba. Nilikuwa juu ya ngazi, drili mkono mmoja, biti pana kwenye boriti mbichi, na msimamizi chini ananiita. Biti ikanasa, mashine ikageuka, kifundo kikageuka nayo. Kimevunjika sehemu mbili. Wamekifunga chuma ndani. Kazi walimpa mwingine wiki hiyo hiyo, siwalaumu. Drili uliyonayo ni yangu, ile ile. Sikuwa na la kuifanyia tena, nikaona bora ikafanye kazi nyumbani kuliko kunitazama kutoka rafuni. Kila nilichokuandikia kuhusu kushika kwa mikono miwili, nilikijua siku zote. Siku ile tu nilikuwa na haraka.

Niliondoka huko nikisema nitarudi fundi. Leo bado siwezi kufungua chupa. Kwenye minga watu huja na mikono yao, Shangazi, hakuna anayekuja kutazama. Nije na nini? Sitakuja. Ivuteni salama, na uniandikie kila kitu, usiache hata rangi ya maksai.

Danixa

Llahuén
20 Februari 2014

Danixa mwanangu, mwana wa kaka yangu,

Pole. Nimeisema kwa sauti jikoni kabla ya kuiandika. Na siku utakayokuja nitakugombeza kwa kunificha miezi mitano, jiandae.

Wazima wote, na nguruwe pia. Sasa kaa chini, maana nimekaa nikuandikie kila kitu.

Jumamosi kulipambazuka hakuna mvua, hali ya hewa ilikuwa nzuri kama ulivyotabiri. Kufika saa tatu asubuhi kisiwa chote kilikuwa uani kwangu, na wengine kutoka visiwa vya ng'ambo. Madirisha tulishayatoa, milango tumeitoa, jiko limebebwa na wanaume sita wakilitukana kwa upendo. Magogo mawili marefu chini ya nyumba, minyororo, na jozi nane za maksai mbele. Maksai wa Eliecer ni Clavel na Palomo, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, wewe uliuliza rangi. Eliecer akapanda juu ya kisiki, akanyoosha mkono, halafu akapiga ukelele. Danixa, nyumba ya babu yako ikalia, ikajikaza, ikatembea. Nililia pale pale mbele ya watu na wala sikujifuta.

Tukapita shamba la viazi, tukapita kijito. Watoto wanakimbia mbele, wanawake tunaimba, mtu anapiga kodiani. Kwenye mteremko ule wa karibu na kanisa, gogo moja likapanda jiwe, nyumba ikainama, tukasikia mlio kama wa mfupa. Kona ya jikoni. Misumari yote ya Eliecer ilikuwa inachomoka mmoja mmoja kwa mtikisiko, ule ubao wake wa mshazari ukabaki unaning'inia, na kuta mbili zimeachana kiasi cha kupitisha mkono. Vyumba vingine vyote, skrubu zako ziko palepale, hazijasogea. Lakini kona ikifunguka, paa linafuata.

"Nyundo!" akapiga kelele Eliecer.

"Nyundo ya nini?" nikamwambia. "Uitwange nyumba iliyosimama kwenye mteremko, iteleze na maksai wako?"

Akaacha kudai nyundo. Wanaume wakaweka kabari za mawe chini ya magogo, wakaegemeza nguzo, watoto tukawafukuza mbali. Nikaingiza mkono kifuani mbele ya kisiwa chote na padri wake, nikaitoa betri. Kavu, na ya uvuguvugu. Ila ilikuwa imebaki taa moja ya chaji, maana asubuhi ile ile niliitumia kukaza vizingiti, na jenereta haiwashwi mpaka jioni.

Nikafikiri. Kutoboa kunakula betri, kukaza kunakula betri, haitatosha kwa vyote. Nikamtuma mtu akalete keke ya babu yako, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikampa Eliecer. "Wewe toboa, mimi nakaza." Akazungusha mzee wa watu, jasho linamtiririka. Mimi nikavaa miwani, nikavua shali, nikafunga mshikio wa pembeni, nikasimama chini kwa miguu yote. Ya kwanza ikazama. Ya pili. Kwenye boriti ya luma, mti mgumu kama chuma, ikagoma, mashine ikataka kugeuka mikononi mwangu, nikaachia kitufe mara moja kama ulivyoandika, na Eliecer akanyoosha mikono yake akashika mshikio pamoja na mimi bila kuambiwa. Tukabonyeza wote. Skrubu ya mwisho ilizama taratibu sana, watu wote wanaihesabia pumzi, kisha taa ikaanza kupepesa. Nikaitoa betri kabla haijakata roho. Kona ilikuwa imefunga.

Eliecer akaivua kofia. Akaiangalia drili, akaniangalia mimi, akasema, "Huyo mtakatifu wako anaitwa nani?" Nikamwambia, "Anaitwa Danixa, yuko Punta Arenas, na anadhani hana cha kuja nacho." Akapanda kisiki kingine akapiga ukelele wake, na saa tisa alasiri nyumba ilikuwa imekaa juu, mbele ya kanisa, inatazama bahari kwa mbali kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tukafukua kuranto, chakula kilichopikwa shimoni, kome na nyama na viazi vikitoa moshi, tukala, tukanywa chicha ya tufaha, tukacheza ndani ya sebule tupu mpaka sakafu ikaomba msamaha. Haikufunguka hata ubao mmoja.

Sasa nisikilize wewe, na usicheke. Milango na madirisha yamesharudi, isipokuwa mlango wa mbele. Bawaba ya juu nimeikaza, ya chini imeshikwa na skrubu moja tu, unalalia upande na upepo unaingia. Eliecer alitaka kuumaliza, nikamfukuza. Uliandika drili ishikwe kwa mikono miwili. Hukuandika kwamba lazima iwe mikono ya mtu mmoja. Wako wa kushoto ubonyeze, wangu ushike mshikio, na wa kulia upumzike mpaka utakapotaka wenyewe.

Betri nimeiacha nusu, mahali pakavu, kama ulivyonielekeza kwa betri ambayo bado haina kazi. Sijui itakaa hivyo mpaka lini.

Shangazi yako,
Uberlinda

Punta Arenas
8 Machi 2014

Shikamoo Shangazi,

Ijaze.

Danixa